Zoezi la Kumi na Mbili

Karibu kila alasiri, vyombo vikishaoshwa na nyumba ikitulia, Mwalimu alifunga mlango wa sebule, akashusha ubao mdogo kutoka juu ya kabati, akamketisha mjukuu wake kwenye kigoda. Jua la saa tisa lilipenya kwenye pazia la kijani, na chumba kizima kikaonekana kama kimezama ndani ya chupa.

"Ma," alisema Mwalimu, na rula ikagonga ukingo wa ubao. Ko.

"Ma," alisema mtoto.

"Ji." Ko.

Mtoto akagonga goti lake kwa kidole, akakaza shingo. Midomo ilifunguka, ikafumba, ikaenda upande, kama mkono unaopapasa tundu la ufunguo gizani. Kisha ikatoka: "Ji."

"Aha! Umeona? Unaweza. Samaki mkunje angali mbichi. Tena. Ma. Ji."

Nyumbani walimwita Sisimizi, kwa sababu alikuwa mdogo, hakutulia, na kila ukimwona amebeba kitu anakihamisha chumba. Miaka sita. Alielewa kila neno. Ukimwambia alete miwani iliyo chini ya gazeti, alileta miwani na gazeti pia, akakutafutia na ukurasa wa mafumbo. Ila mdomo wake ulikuwa na maneno mawili tu: "mama", lililomaanisha mama, njaa, mvua na furaha, na "aa-aa", lililobaki kumaanisha vingine vyote. Babu yake, mtoto alimwita kwa mikono: alikunja vidole viwili duara, akaviweka machoni kama miwani.

Mwalimu alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne. Waliopita mikononi mwake sasa walikuwa madereva, wauguzi, mafundi bomba, na mmoja alikuwa jaji. Wote walianzia pale pale: ma, me, mi, mo, mu, na rula ikigonga. Hata jaji. Kwa hiyo hospitali ilipompa mtoto mazoezi kumi na mawili ya kusema, mara mbili kwa wiki, Mwalimu aliona ni jambo jema ila ni kidogo. Mara mbili kwa wiki! Hata mche wa mchicha haumwagiliwi hivyo. Akaamua kujazia mwenyewe, kimyakimya, ili siku moja amwonyeshe binti yake, mama wa mtoto. Na ilipokaribia saa ya binti kurudi kutoka kazini, ubao ulipanda tena juu ya kabati, na chumba kikarudi kuwa sebule.

*

Binti yake alikuwa dobi wa hospitali hiyo hiyo. Siku za mazoezi alikwenda na mtoto asubuhi, akaomba nusu saa kwa msimamizi, akampeleka chumba cha mazoezi, kisha akamketisha juu ya rundo la shuka safi mpaka zamu iishe. Siku ya zoezi la saba alirudi mikono ikinuka sabuni, akavua viatu mlangoni, wala hakuketi.

"Baba, leo nimeulizwa swali nikakosa jibu."

"Wewe? Swali gani hilo?"

"Mtaalamu ameniuliza, nani anamgongea huyu mtoto."

Mwalimu akakunja gazeti vizuri, kona kwa kona. "Kumgongea vipi?"

"Akiambiwa aseme maji, anasema ma, anagonga meza, halafu ndipo ji. Wiki mbili nyuma alikuwa ameanza kuliunganisha, mwenyewe nilimsikia. Sasa limekatika katikati. Na neno sitaki, alilokuwa analikaribia, limepotea kabisa. Anasema si, anagonga, anabaki hapo anangoja, utadhani amesimama kituoni basi halijafika." Akajifuta uso kwa khanga. "Walikuwepo wanafunzi wawili wa udaktari wanaandika. Mmoja akaniuliza, mama, mchana huwa uko nyumbani? Nikasema sipo. Akaandika: sipo. Nikaona kalamu inavyoandika, Baba. Nilijisikia kama nimekamatwa na shuka za watu kwenye mkoba."

Sisimizi alimtazama mama yake, akamtazama babu, kisha akakokota kiti mpaka kwenye kabati, akapanda, akanyoosha kidole juu.

"Aa-aa," alisema, kwa msaada.

Mama yake akaushusha ubao. Maneno ya jana yalikuwa bado yapo, kwa mwandiko wa kupendeza wa mwalimu wa darasa la kwanza.

"Nilitaka nikushtukize," alisema Mwalimu.

"Umenishtukiza."

"Mimi nimefundisha watoto elfu moja na..."

"Kusoma, Baba. Wale walikuja kwako wanaongea tayari." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Yamebaki mazoezi matano. Wanaosubiri kile kiti ni watoto arobaini, wameniambia. Zoezi la kumi na mbili asiposema maneno manne kati ya matano bila kusaidiwa, anarudi mwisho wa foleni. Mwaka mzima. Na shule ikifunguliwa ataingia darasani na mama na aa-aa. Unayajua madarasa wewe kuliko mimi. Watamfanyaje?"

Mwalimu aliyajua. Aliwajua watoto wanaokaa dawati la nyuma, wanaoitwa bubu mpaka wanaitikia, wanaojikojolea kwa kushindwa kuomba ruhusa. Alikuwa na jina la kila mmoja wao mahali fulani kichwani.

"Mtaalamu amesema," binti akaendelea, "huyo anayemgongea, aje yeye mwenyewe."

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya maziwa, ambako hata hatua za viatu zilisikika kama zinatoka kwa mtu mwingine. Mwalimu alivaa koti. Alichukua na kalamu mbili mfukoni, kama mtu anayekwenda kusahihisha.

Mtaalamu alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, umri wa mjukuu mkubwa. Alimwamkia kwa heshima, kisha akamwonyesha kiti cha plastiki cha watoto, chekundu.

"Hapo, mzee wangu. Tunataka nyuso ziwe usawa mmoja."

Akaketi. Magoti yakamfika kifuani. Sisimizi, aliyekaa mbele yake, akacheka kwa furaha ya kumwona babu amekuwa saizi yake.

"Mzee, huyu hajakosa akili, wala ulimi wake si mgonjwa," alisema mtaalamu. "Kichwani neno lipo zima. Tatizo ni safari ya kutoka kichwani kuja mdomoni. Ubongo unatuma amri, midomo na ulimi havijui vianzie wapi wala vipite wapi. Sauti moja moja anaweza. Anapopotea ni pale pa kuvuka, kutoka sauti hii kwenda ile. Sasa ukimkatia neno vipande..."

"Namnyima daraja," alisema Mwalimu polepole.

"Ndiyo. Unamfundisha kusimama pale pale anapotakiwa kuvuka."

Alisema bila ukali, na wale wanafunzi wawili hawakuwepo, lakini Mwalimu alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kumwekea alama nyekundu.

"Basi nifundishe," akasema.

Mtaalamu akakaribia uso wa mtoto, akagusa pembeni ya macho yake mwenyewe ili mtoto amtazame. Kisha akaanza, polepole, neno likinyooka kama uzi wa asali usiokatika: mmmaaajjiii. Mtoto akaingia naye, wakalisema pamoja, midomo kwa midomo. Taya lilipotaka kukakamaa, kidole cha mtaalamu kiligusa chini ya kidevu, kwa wepesi wa nzi anapotua. Wakalisema mara tano. Mtaalamu akadondosha kifuniko cha soda ndani ya kopo kuhesabu, tiing. Mara tano tena, sasa kwa kunong'ona. Mara tano kama mtu mwenye hasira. Mara tano kama anayeuliza: maji? Kisha mtaalamu akaiondoa sauti yake, akabakiza midomo tu. Kisha akaiondoa na midomo, akabaki kungoja. Mtoto akabaki na neno peke yake, akalivusha.

"Kijia hakichorwi, mzee," alisema mtaalamu. "Kinakanyagwa. Maneno machache, mara nyingi, na zima zima. Haya, zamu yako. Na mikono uikalie."

"Niikalie?"

"Inagonga. Tangu umeingia inagonga."

Mwalimu akatazama chini. Kidole cha shahada kilikuwa kikipiga paja, ko, ko, ko. Akaikalia mikono yote miwili. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, akanyoosha neno kwa bidii yote ya mtumishi mstaafu: "Mmmaaa..." na meno yake ya bandia ya juu yakashuka, kwap, yakakutana na ya chini.

Sisimizi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti. Mtaalamu aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Mwalimu akayarudisha meno kwa ulimi, taratibu, kwa hadhi.

"Kumbe hata mimi," alisema, "njia yangu ina mashimo."

*

Wakaanza upya. Walikaa barazani uso kwa uso, dakika tano asubuhi, tano baada ya chai, tano kabla ya kulala mchana, tano jioni. Maneno yalikuwa matano, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeyachagua kwa kuonyesha vitu na kuigiza: maji, babu, nipe, ngoja, sitaki. La mwisho mtaalamu alilipenda kuliko yote. Mtoto asiyeweza kusema sitaki, alieleza, kila mtu anamwamulia.

Fundi viatu wa upande wa pili wa barabara alikuwa na kazi chache na macho mengi.

"Mwalimu! Mnafundishana kubusu hewa?"

"Tunafanya mazoezi ya kusema."

"Na wewe ulikuwa hujui? Ndiyo maana mwanangu alifeli!"

"Mwanao alifeli kwa sababu alikuwa anakufuata wewe dukani. Shona."

"Sitaki!" alijibu fundi, akicheka, na Sisimizi akamtazama mdomo kwa wivu, jinsi neno lilivyomtoka bila hata kulifikiria, kama mtu anayetema kokwa.

Mchana, joto lilipotanda na barabara ikanyamaza, babu na mjukuu walilala kwenye mkeka mmoja. Usingizi wa Mwalimu siku hizo ulikuwa mwepesi, wa kuelea, na mara nyingi mke wake aliingia humo bila kubisha. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Miezi minne ya mwisho, baada ya kiharusi, hakuwa na neno hata moja, na Mwalimu alimketisha kitandani kila asubuhi na kadi alizoziandika kwa wino mweusi. Ma. Me. Mi. Alimgongea kwenye mbao za kitanda. Mke wake alikuwa akigeuzia uso ukutani, naye alidhani amekata tamaa ya kusema.

Ndotoni mke wake alikuwa kijana kidogo kuliko siku alipofariki. Alikaa miguuni pa mkeka akikunja nguo zisizoisha, nguo nyeupe, na kila moja aliikunja mara moja tu ikawa ndogo kama bahasha.

"Nisamehe," Mwalimu alimwambia. "Nilikuwa nakukatakata."

Mke wake alimtazama mdomo, kama watoto wanavyotazama. Hakugeuka ukutani. Alimtazama tu mpaka Mwalimu akagundua kuwa mke wake alikuwa ametaka kutazamwa hivyo siku zote, na kwamba yeye, miezi minne, alikuwa akitazama kadi.

Akaamka mashavu yamelowa. Sisimizi alikuwa ameketi kando yake, amekaza macho, anasubiri. Alipoona babu amefumbua macho aliweka uso wake karibu, pua karibu iguse pua, akanyoosha neno kwa sauti ya usingizi: "Baaabuuu."

Halikukatika popote.

*

Siku ya zoezi la kumi na mbili, binti hakupewa ruhusa. Shuka za wodi mbili ziliingia kwa pamoja na msimamizi alisema nusu saa zake zimekwisha tangu mwezi uliopita. "Nenda naye, Baba," alisema mlangoni pa chumba cha kufulia, akisukuma kikapu. "Na tafadhali."

Hakumalizia. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kana kwamba amemalizia.

Mtaalamu alikuwa na karatasi ya fomu juu ya goti. "Leo simsaidii, na wewe humsaidii," alieleza. "Nimekuweka mbele yake kwa sababu uso wako ameuzoea, hataogopa. Ila usitikise hata mdomo. Nitamwonyesha kitu, yeye aseme. Jibu la kwanza ndilo ninaloandika."

Akanyanyua kikombe kitupu. Sisimizi akamtazama babu, akavuka: "Maji." Kalamu ikaandika.

Akamwonyesha babu kwa kidole. "Babu." Kalamu ikaandika.

Akakamata kopo la vifuniko, akalikumbatia. "Nipe." Ilikuwa na pua nyingi, lakini ilikuwa nipe. Kalamu ikaandika.

Kisha akajifanya anatoka chumbani haraka. Mtoto akafungua mdomo. "Ngo..." Ulimi ukayumba. "Ngoga." Kalamu ikasita, ikaandika kitu kifupi zaidi.

Tatu. Limebaki moja. Mwalimu alikuwa ameikalia mikono mpaka vidole vimekufa ganzi.

Mtaalamu akamsogezea mtoto kijiko chenye dawa ya kuigiza, akakielekeza mdomoni. Sisimizi akarudisha kichwa nyuma. Macho yake yakaenda kwa babu.

Mwanga wa dirishani uliangukia meza, na vumbi lilikuwa likielea ndani yake bila haraka. Mtaalamu alikuwa ameinamia fomu. Sasa hivi, Mwalimu alijua, angeweza. Kutanua midomo kidogo kwa ile i, kuonyesha ncha ya ulimi, kisha kuirudisha nyuma pale anapopotea. Nukta moja tu. Nani angejua? Darasani kwake aliyenong'oneza jibu alisimama kona mpaka kengele, na hakuwahi kujiuliza hata siku moja ni upendo gani ulimnong'onezesha. Mtoto alimtazama mdomo kama mwenye kiu anavyotazama bomba.

Mwalimu hakutikisa kitu. Alimwachia uso wake, wazi, mtupu, macho yakiwa yamejaa, akangoja naye.

"Si," alisema Sisimizi. "Sitati."

Kalamu ikaandika.

Basi, alifikiri Mwalimu. Tatu kati ya tano. Alikuwa amewafelisha wengi kwa hesabu nyepesi kuliko hiyo.

Lakini mtoto hakuwa amemaliza. Alikunja uso, akatikisa kichwa kama aliyevaa kiatu mguu usio wake. "Sitati." Akatikisa tena. Hakumtazama tena babu; alitazama mahali fulani chini, ndani yake mwenyewe, kunako njia. "Sita..." Midomo ikapapasa. Kidole hakikugonga. "Sitaaaki." Akainua kichwa, akasukuma kijiko kwa mkono. "Sitaki."

Mtaalamu alikuwa ameacha kuandika.

"Amepata ngapi?" aliuliza Mwalimu, ingawa alikuwa amehesabu.

"Tatu."

"Kwa hiyo amefeli."

"Namba zina sehemu yao kwenye hii fomu, nimeziandika kama zilivyo." Mtaalamu akageuza karatasi, akaandika mistari miwili upande wa nyuma, kwa utulivu, huku mzee akimngoja kama mtoto wa shule. "Na huku nyuma kuna sehemu ya kueleza. Ulisikia alichofanya? Alijisikia amekosea. Hakuna aliyemwambia. Akarudi peke yake kutafuta njia, mara mbili, akaipata. Hilo ndilo nimekuwa nikilingoja tangu zoezi la kwanza, na huwezi kumfundisha mtu kwa kumlazimisha. Mtoto akifika hapo nikimwachia mwaka mzima, majani yanaota tena." Akatia sahihi. "Mkuu wa idara nitamjibu mimi. Anabaki. Kumi na mawili mengine."

Mwalimu alitaka kusimama amshukuru, lakini kiti chekundu kilimng'ang'ania makalio, na ilibidi msichana amshike mkono mmoja na mjukuu mwingine, wamvute.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa chini, nyuma ya jiko. Walipofungua mlango mvuke uliwapokea, na ndani ya mvuke mashine nne kubwa zilikuwa zikizunguka kwa mshindo uliotikisa sakafu. Shuka zilining'inia safu kwa safu mpaka mwisho usioonekana. Wanawake walipita katikati yake wakitokea na kupotea, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Walisemezana kwa mikono na nyusi.

Binti aliwaona. Aliacha kikapu pale pale. Alikuja akijipangusa mikono, macho yake yakiwa kwa baba yake, yakimuuliza kabla hajafika.

Mwalimu alifungua mdomo amweleze: tatu, na jinsi fomu ilivyogeuzwa, na kumi na mawili mengine. Sisimizi akamvuta koti, kwa nguvu, mpaka akainama. Alimtazama mara moja tu. Mwalimu akafumba mdomo.

Mtoto akaenda akasimama mbele ya mama yake. Alinyoosha mikono, akamshika mashavu yote mawili, akaushusha uso ule uliochoka mpaka ukawa usawa na wake, kama alivyofundishwa kwamba nyuso zinakaa. Mashine zilinguruma. Mwalimu, hatua mbili pembeni, hakusikia chochote. Aliona tu: ulimi ukapanda nyuma ya meno, kinywa kikafunguka, midomo ikafumba mara moja na kuachia, koo likacheza, midomo ikatanuka. Mwendo mmoja, bila kusimama popote. Neno ambalo hakuna aliyemfundisha, alilolichukua chumba cha juu kutoka kwa mtaalamu, akalibadilisha njiani likawa lake.

Nabaki.

Binti yake alibaki ameinama. Mmoja wa wanawake alipita na shuka mkononi, akasimama. Mwingine akanyoosha mkono kwenye ukuta akazima mashine ya kwanza, kisha ya pili, akidhani kuna msiba, na ngurumo ikaanza kushuka.

"Mama hakusikia," alisema Mwalimu haraka, akimgusa mtoto bega. "Mwambie..."

"Nyamaza, Baba," alisema binti yake, bila kuondoa macho kwenye mdomo ule mdogo. "Nimeona."